Kimeng'enya kinachoikata penisilini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mwili wangu umeshaizoea penisilini."

Kauli hii hupotosha kuliko nyingine zote, kwa sababu inamtwika mgonjwa jambo lililo ndani ya bakteria. Mwili hauzoei antibiotiki. Anayebadilika ni kile kiumbe cha seli moja kinachomuumiza mtu. Ndiyo maana hata mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge kimoja cha penisilini anaweza kuambukizwa leo bakteria aliye sugu tayari, na dawa ikagonga mwamba tangu dozi ya kwanza.

"Penisilini ni sumu, inaua kijidudu chochote inachokigusa."

Hapa tukae kidogo, maana asiyejua penisilini inafanya nini hawezi kuelewa inashindwaje. Bakteria wengi wamezungukwa na ukuta uliofumwa kama wavu: nyuzi za sukari zilizofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya asidi amino. Ndani ya seli maji yanasukuma kwa nguvu, na ukuta huo ndio unaoizuia isipasuke. Mafundo ya wavu hufungwa na vimeng'enya maalumu, yaani protini zinazofanya kazi za kikemia; hao ndio mafundi wa ukuta. Kila kimoja hutafuta kipande chenye alanini (aina ya asidi amino) mbili zilizofuatana mwishoni, hukishika, kisha hukiunga na kipande cha jirani.

Penisilini ina umbo linalofanana sana na ncha hiyo ya alanini mbili, kama watafiti Tipper na Strominger walivyoeleza mwaka 1965. Kimeng'enya kinaidaka, kinaifungua pete yake (atomi chache zilizoungana kwa duara), halafu kinanasa: dawa imeganda mkononi mwake na haitoki kwa saa nyingi. Bakteria anaendelea kukua, wavu unatanuka bila mafundo mapya, mwishowe anapasuka. Kwa hiyo bakteria aliyetulia bila kukua hasumbuliwi sana. Mikoplazma, ambaye hana ukuta kabisa, hasumbuliwi hata kidogo, na virusi vivyo hivyo.

"Kinachoiharibu dawa ni kitu kigeni kabisa kwa bakteria."

La, ni ndugu wa yule fundi wa ukuta. Vimeng'enya vinavyoikata penisilini huitwa beta-laktamasi, na vingi vyao vina umbo la ndani linalofanana na la vile vinavyofunga mafundo. Hata silaha ni ileile: asidi amino iitwayo serini, inayoishambulia pete ya dawa. Pete hiyo ina pembe nne tu, atomi tatu za kaboni na moja ya nitrojeni, nayo imekazwa kama upinde uliovutwa. Ikiguswa vizuri inafyatuka.

Tofauti inakuja baada ya hapo. Fundi wa ukuta ananasa na dawa mkononi. Beta-laktamasi ina molekuli ya maji iliyokaa mahali pake hasa, tayari kuikata dawa na kuiachia, kisha kimeng'enya kinadaka nyingine. Kile kiitwacho TEM-1 huweza kukata takriban molekuli 1,000 za penisilini kwa sekunde moja. Mimi kila nikifikiri kwamba chanzo cha yote haya ni molekuli moja ya maji iliyokaa vizuri, nastaajabu.

Jambo hili huonekana kwa macho maabarani. Kuna kemikali ya manjano iitwayo nitrosefini, yenye pete ileile, ambayo hutiwa kwenye kijikaratasi. Ukikilowesha na kupaka juu yake bakteria kidogo kutoka kwenye sahani ya kuoteshea, manjano hugeuka nyekundu iwapo kimeng'enya kipo. Wakati mwingine ni dakika chache tu. Kwa stafilokoki, bakteria wanaoleta majipu, huenda ikabidi kusubiri hadi saa nzima. Wekundu huo ni pete zilizokatwa.

"Usugu umeletwa na matumizi mabaya ya dawa."

Ni nusu ya ukweli. Watafiti Abraham na Chain wa Oxford waliripoti kimeng'enya kinachoangamiza penisilini Desemba 1940. Mgonjwa wao wa kwanza kutibiwa kwa penisilini alichomwa sindano Februari 1941. Na mwaka 2011 watafiti walieleza kwamba walikuta jeni za usugu dhidi ya dawa za jamii hii kwenye udongo ulioganda Kanada kwa miaka 30,000 hivi. Kuvu na bakteria wamepigana kwa kemikali hizi tangu kale.

Sisi tulichofanya ni kuchagua washindi. Kila dozi inaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi wenye kimeng'enya. Katika hospitali moja ya London, stafilokoki sugu walikuwa kama asilimia 14 mwaka 1946. Kufikia 1948 walikuwa wamepita nusu. Tena jeni hizi nyingi hukaa kwenye plazmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwingine, hata asiye wa spishi yake.

"Amoksisilini yenye asidi ya klavulaniki inamaliza kila usugu."

Amoksisilini ni dawa ya jamii ya penisilini; klavulaniki yenyewe karibu haiui. Kazi yake ni chambo: beta-laktamasi inaiuma na kuharibika, amoksisilini inapita. Lakini baadhi ya beta-laktamasi, kama NDM-1, hutumia zinki badala ya serini, na chambo hakizidhuru. Zaidi ya hapo, usugu si lazima uwe wa kukata. Methisilini, aina nyingine ya penisilini, ilitengenezwa ili isikatwe na kimeng'enya cha stafilokoki, lakini kufikia 1961 tayari Uingereza ilikuwa na stafilokoki sugu kwake. Hao walikuwa na fundi mwingine wa ukuta, ambaye dawa haimshiki kwa urahisi. Nimokoki, bakteria wanaoleta nimonia, nao wamebadilisha mafundi wao, na hawatengenezi beta-laktamasi. Kuwaongezea klavulaniki hakusaidii kitu.

"Penisilini imepitwa na wakati."

Kaswende bado inatibiwa kwa sindano ya penisilini. Na streptokoki wa kundi A, anayeleta maumivu makali ya koo, hajapata beta-laktamasi hadi sasa, ingawa penisilini imetumika dhidi yake tangu miaka ya 1940.