Kizuizi cha kasi: kadi ya zamani inapopewa mashine mpya

Kijana wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, anayejiundia kompyuta ya michezo akikuuliza, "Yaya, hii kadi ya zamani niibakishe ama niiuze?", usimjibu kabla hujajua itafanya kazi na prosesa gani. Kadi ya grafiki haikimbii peke yake. Kila fremu ya mchezo, yaani kila picha moja inayotokea kwenye skrini, hupita kwenye mikono kadhaa, na mkono unaochelewa kuliko yote ndio unaoamua mwendo wa mashine nzima. Huo ndio kizuizi cha kasi.

Mchezo ukienda fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kutengenezwa. Prosesa hupiga hesabu: adui yuko wapi, mpira umegonga nini, gari limegeukia upande gani. Kadi hupokea maagizo hayo na kupaka rangi pikseli zote za skrini. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 1280 kwa 720 ina 921,600, yaani chini ya nusu. Prosesa na kadi hufanya kazi sambamba, kama mwashi na kibarua wake: huyu anajenga, yule tayari analeta matofali mengine, na ukuta haupandi haraka kuliko aliye mzito kati yao. Prosesa ikitumia milisekunde 10 na kadi 20, utapata fremu 50. Nunua prosesa ghali inayotumia milisekunde 5, utapata zilezile 50.

Kwa hiyo kizuizi kipo katika kila kompyuta, hata ile ya bei ya gari. Wala hakikai mahali pamoja. Mchezo wa mji mkubwa uliojaa watu hukisukuma kwa prosesa. Mchezo wenye msitu na vivuli vizito hukirudisha kwa kadi. Ndiyo maana zile kurasa za mtandaoni zinazokutajia kizuizi cha "asilimia 23" bila hata kuuliza unacheza nini, mimi sizihesabu.

Kukipata kwenye mashine yako si kazi. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, uangalie kadi mchezo ukiwa unaendelea. Ikikaa asilimia 95 hadi 99, kadi ndiyo inayochelewesha. Ikikaa 60 huku fremu hazipandi, na hukuziwekea kikomo mwenyewe kwenye mipangilio, inamsubiri prosesa. Prosesa kuonyesha asilimia 40 kusikudanganye: ndani yake kuna viini kadhaa vya kupigia hesabu, na huenda kiini kimoja kimejaa pomoni na vingine vimekaa bure. Ukibaki na shaka, shusha skrini hadi 720. Fremu zikipanda, ilikuwa kadi. Zikigoma palepale, ni prosesa.

Chukua GTX 1060 yenye kumbukumbu ya GB 6, kadi ya NVIDIA ya mwaka 2016. Iweke kwenye kompyuta ya ofisi yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4, viini vinne, na katika michezo mingi ya sasa itakuwa inangoja maagizo. Picha inakwenda, inakwama, inakwenda. Ihamishie kwenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600 yenye viini 6 na nyuzi 12 (kila kiini hushika kazi mbili kwa pamoja), na RAM, kumbukumbu ya kompyuta, vipande viwili badala ya kimoja, kadi ileile itaanza kufanya kazi yake yote. Sasa kizuizi ni yenyewe, na kwa mwenye pesa kidogo hapo ndipo pazuri. Kazi ya kadi unaweza kuipunguza: shusha vivuli, shusha skrini, washa FSR ya AMD, inayochora picha ndogo kisha kuikuza, ambayo matoleo yake ya kabla ya FSR 4 hukubali hata kadi hizi za NVIDIA. Kazi ya prosesa haina vitufe vingi vya kupunguzia. Basi dola zako zianzie kwenye prosesa, bodi mama na RAM, kadi ya zamani ishike zamu. Tena usiiuze mapema: Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani, bila kadi hutaona picha yoyote.

Jina nalo lisikupite. Kuna GTX 1060 ya GB 3, na tofauti si kumbukumbu tu. Ina viini vya kuchorea 1152 dhidi ya 1280 vya ndugu yake. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, picha hukimbilia RAM ya kawaida, na mchezo huanza kushtuka-shtuka hata kama wastani wa fremu unapendeza.

Umeme ni habari nyingine, hasa Lubumbashi ambako wengi huchezea kwenye inveta. GTX 1060 hula wati 120, RX 580, kadi ya AMD ya 2017, hula 185, na tofauti hiyo betri inaihisi. Tundu la bodi mama hutoa wati 75 mwisho, waya wa pini sita 75 nyingine, wa pini nane 150. Kompyuta nyingi za ofisi hazina waya hizo kabisa. Adapta ya kuchota umeme kwenye waya wa SATA, ule wa diski, iache dukani: plagi ya SATA imepimwa kwa wati 54 kwenye volti 12, na ikizidishiwa huyeyuka. GTX 1050 Ti nyingi, za wati 75, hazihitaji waya wowote wa ziada.

Kinachoizeesha kadi kweli ni programu. Oktoba 2025 NVIDIA ilisimamisha draiva (programu zinazoiendesha kadi) mpya za michezo kwa familia ya GTX 10, ikaacha marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Michezo ya zamani haitaathirika. Ila baadhi ya mipya inadai ray tracing, yaani hesabu za jinsi mwanga unavyosafiri, ndani ya chipu, kitu ambacho GTX 1060 haina, na hapo hata ukishusha kila kitu mchezo hautafunguka.