Baiskeli haimalizi nguvu za kiume
Kila vijana wa Kampala wakionekana alfajiri na baiskeli za mashindano barabara ya Entebbe, ujumbe ule wa zamani hurudi kwenye magrupu: kiti chembamba humaliza nguvu za kiume. Si kweli. Utafiti mkubwa uliowalinganisha waendesha baiskeli na waogeleaji na wakimbiaji haukuwaona waendesha baiskeli wakiwa na shida hiyo zaidi.

Kinachowachanganya watu ni ganzi ya sehemu za siri. Kiti kikielekea juu mbele, hubana neva na mishipa ya damu. Jaribu mwenyewe: kisawazishe, uinuke kwenye pedeli mara kwa mara, uone ganzi inavyopungua. Isipoisha, muone daktari.

Boda boda za kwanza, kule Busia, zilikuwa baiskeli; wazee walioziendesha wamezaa, wana wajukuu. Tafadhali, usiusambaze tena ujumbe huo.