Ukimaliza zile 23, bado hujaanza

Wiki hii nimeulizwa tena: "Nimeshamaliza ruwaza zote 23 za usanifu wa programu (design patterns), sasa niko tayari kwa mifumo ya makampuni?" Safari hii naandika, maana majibu ya mdomo yanasahaulika na vijana wenye bidii wanaendelea kupoteza miezi.

Zile 23 zinatoka kwenye kitabu cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides cha 1994. Nakiheshimu sana. Lakini kinahusu jinsi objekti zinavyoshikana ndani ya programu, kwa mifano ya C++ na Smalltalk. Hakikufundishi muamala wa hifadhidata (transaction), yaani mabadiliko yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote. Shida ya mfumo wa kampuni ni nyingine kabisa: data inayodumu kuliko programu iliyoiandika, na watu wengi wanaoigusa kwa pamoja.

Tazama hili. Mhudumu wa kwanza anafungua oda yenye vipande 10. Dakika moja baadaye wa pili anafungua oda hiyohiyo. Wa kwanza anarekebisha anwani, anahifadhi. Wa pili, ambaye kwenye skrini yake bado ipo anwani ya zamani, anabadilisha vipande kuwa 12, naye anahifadhi. Rekodi nzima inaandikwa upya. Anwani mpya imepotea, na kwenye logi hakuna kosa hata moja. Singletoni, ile ruwaza ya objekti moja tu kwa programu nzima, haitakusaidia hapo.

Dawa yake ni kufuli la matumaini (optimistic lock), mojawapo ya ruwaza alizozikusanya Martin Fowler kwenye katalogi yake ya 2002, kitabu cha Patterns of Enterprise Application Architecture. Jedwali linaongezewa safu ya toleo. Umesoma oda ikiwa toleo 7. Ukiandika, SQL yako, yaani amri unayoipa hifadhidata, inasema: badilisha na uweke toleo 8, ilimradi toleo lililopo bado ni 7. Hifadhidata ikijibu kwamba rekodi zilizobadilika ni 0, mtu amekutangulia.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo ninapokosa subira. Nimekuta mara nyingi msimbo wenye safu ya toleo, jina sahihi, kila kitu, na haulindi chochote. Kwa nini? Mtumiaji akibonyeza kuhifadhi, seva inasoma rekodi upya, inapata toleo 8, inalinganisha na 8 hiyohiyo, inaridhika, kisha inaandika juu ya kazi ya mwenzake. Toleo linalotakiwa ni lile mtumiaji aliloliona alipofungua fomu, kwa hiyo lazima lisafiri na fomu mpaka kwenye kivinjari na lirudi nayo. Mchoro wa klasi hauonyeshi safari hiyo. Na ukishapata ile 0, bado hujamaliza: utamwambia nini mtu aliyejaza fomu kwa dakika ishirini? Apoteze yote? Aonyeshwe tofauti achague? Pengine hapo ulihitaji kufuli la tahadhari (pessimistic lock), linalomzuia wa pili tangu mwanzo, ambalo nalo lina adha yake: mtu anafungua rekodi, anaondoka, wengine wote wanamsubiri.

Kwa hiyo ukitafuta cha kusoma, tafuta kinachokueleza ruwaza itumike lini na iachwe lini. Muhtasari wa katalogi ya Fowler upo bure kwenye tovuti yake, ila mjadala huo umebaki kitabuni, nao ndio wenye thamani. Kwa mifumo inayotumiana ujumbe, wasome Hohpe na Woolf, Enterprise Integration Patterns, ruwaza 65, 2003. Eric Evans na Domain-Driven Design yake ya mwaka huohuo, kuhusu kuijenga programu juu ya kanuni za biashara, msubirishe hadi uwe umeshahangaika na biashara halisi yenye kanuni zake.

Kisha soma msimbo wa maktaba unazozitumia kila siku. Active Record, maktaba ya hifadhidata ya Rails (Ruby), imechukua jina lake kwenye katalogi hiyohiyo. Sesheni ya SQLAlchemy (Python) inakusanya mabadiliko yako na kuyaandika kwa mpangilio. Hibernate (Java) inafanya kazi kama hiyo. Washa logi ya SQL uone nini kinaandikwa na lini.

Nina mashaka yangu pia. Ruwaza ya Repozitori, tabaka linaloificha hifadhidata nyuma ya kitu kama mkusanyiko wa objekti, juu ya maktaba ambayo tayari inaificha hifadhidata nimewahi kuijenga, na nimewahi kuibomoa, na mara zote mbili nilikuwa na sababu nzuri. Sina kanuni ya kukupa. Vilevile mpaka kati ya hati ya muamala (utaratibu mmoja kwa kila ombi) na modeli ya biashara (objekti zinazobeba kanuni za biashara): vitabu vinauchora kwa mstari mmoja, mimi naugundua nikiwa nimeshauvuka.

Leo fungua rekodi moja ya mfumo wako kwenye madirisha mawili ya kivinjari. Badilisha kitu tofauti kwenye kila moja, hifadhi la kwanza, kisha la pili. Yote mawili yakikubaliwa kimya, angalia ni badiliko la nani limebaki, kisha ukasome sura ya kufuli kwenye kitabu cha Fowler.