"-a ukungu": maana yake na inavyotumika

Watu wengi sifa hii wanaijua kwa upande wa hali ya hewa tu, asubuhi ya ukungu, bonde la ukungu, basi. Ila ina upande wa pili ambao mimi naona ndio mtamu zaidi, ule wa kitu ambacho kipo, unahisi kabisa kipo, lakini ukitaka kukishika hakishikiki.

Tuanze na ukungu wenyewe maana tabia zake ndo zinazobeba maana yote. Ukungu sio moshi na wala sio mvuke, ni vitone vidogo mno vya maji vinavyoelea karibu na ardhi, vinatokea hewa yenye unyevu ikipoa mpaka mvuke wake unageuka maji. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho, ukishaona kitu cheupe ujue tayari hivyo ni vitone. Wataalamu wa hali ya hewa wanasema ni ukungu hasa pale usipoweza kuona umbali wa kilomita 1. Hauna umbo, huwezi kuonyesha kwa kidole kwamba umeishia hapa, na jua likipanda unayeyuka wenyewe.

Sasa hamishia tabia hizo kwenye mambo mengine. Kumbukumbu ya ukungu ni ile unayokumbuka sauti ya mtu ila sura haikujii. Jibu la ukungu, mtu kaongea weee, ukijiuliza kwani amekubali au amekataa hujui. Mpango wa ukungu una jina zuri tu lakini hauna tarehe, hauna bajeti, na hakuna anayejua nani anausimamia.

Hapa ndo wengi wanachanganya na "hewa". Mfanyakazi hewa hayupo kabisa, ni jina tu kwenye orodha ya mishahara, na hatusemi "mfanyakazi wa hewa", neno linakaa hivyohivyo bila kiunganishi. Mpango wa ukungu upo, haujakaa sawa tu, ukikaliwa chini unaweza kueleweka, kwa hiyo mtu mwenye wazo la ukungu ukimwambia ana wazo hewa unamwonea kabisa. Giza nalo ni habari nyingine, gizani huoni kitu, kwenye ukungu unaona ila nusunusu. Na ukiona maluweluwe shida iko kwenye macho au akili yako, sio kwenye kitu unachokitazama.

Kiunganishi kinafuata ngeli kama kawaida: wazo la ukungu, mawazo ya ukungu, ndoto za ukungu. Ukirudia, "naona ukungu ukungu", unapunguza makali kidogo. Kitenzi chake ni kutanda, ukungu umetanda, iwe mlimani au kwenye kesi isiyoeleweka.

Ila kwenye chakula kuwa makini, maana huko ukungu ni kuvu. Mkate wenye ukungu, au mkate ulioota ukungu, ni mkate ulioharibika, hauliwi.