Masika ya Pwani na Modeli za Tabianchi

Muulize mkulima mzee wa Kwale au Kilifi kuhusu masika, atakwambia yamepunguka. Yanachelewa kuanza, yanakatika mapema, na mahindi yananyauka kabla ya kubeba. Vipimo vya mvua vinamuunga mkono kwa kiasi kikubwa: kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu 2010, mvua za masika zilipungua katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Kisha fungua ripoti iliyojengwa juu ya modeli za kompyuta. Nyingi zinasema eneo hilihili litapata mvua zaidi kadiri dunia inavyozidi joto. Wanasayansi wenyewe wameuita mgongano huu kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki, na kwa kuwa kazi yangu hapa Mombasa ni kuzichambua modeli hizo, hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: tumwamini nani, mkulima au kompyuta?

Mimi ninaziamini modeli, ila kwa kila swali ninazipa uzito wake. Yapo maswali zinayajibu vizuri ajabu, na yapo ambayo majibu yake hayafai kuchukuliwa bila kuyahoji. Masika yako katika kundi hili la pili, na sababu zake zinaeleweka.

Kwanza tuone modeli ni kitu gani. Ni programu inayoikata angahewa na bahari vipande vipande, na kila kipande kina joto lake, mgandamizo wake wa hewa, upepo wake na unyevu wake. Kanuni za fizikia tunazozijua tangu zamani, za mwendo, za joto, za maji kugeuka mvuke na mvuke kugeuka maji, zinaandikwa kama milinganyo. Kompyuta inaipigia hesabu milinganyo hiyo kwa kila kipande, inasogeza saa mbele kwa nusu saa hivi, inapiga tena, mpaka miaka mia moja iishe. Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu jambo hili kwa mkono na kulichapisha mwaka 1922. Utabiri wa saa sita ulimchukua takribani wiki sita, na jibu lilitoka kombo kabisa. Njia yake kimsingi ilikuwa sahihi. Jibu liliharibiwa na vipimo vya mwanzo ambavyo havikusawazishwa, na ili njia hiyo itumike kwa kasi ilihitajika mashine. Mwaka 1950 mashine ilipatikana, kompyuta ya ENIAC huko Marekani, na utabiri wa kwanza wa aina hiyo ukafanyika.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald, kwa modeli ambayo leo tungeiona ndogo mno, walikokotoa kwamba kaboni dioksidi ikiongezeka maradufu hewani, uso wa dunia utapata joto zaidi kwa takribani nyuzi 2.3 za Selsiasi. Ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ya mwaka 2021, baada ya zaidi ya nusu karne ya utafiti, inakadiria nyuzi 3, katika upeo wa kati ya 2.5 na 4. Fikiria umbali huo ulivyo mfupi. Manabe alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2021 pamoja na Klaus Hasselmann, aliyetuonyesha jinsi ya kutenganisha alama za mwanadamu na misukosuko ya kawaida ya angahewa.

Kutenganisha huko ndiko kiini cha kazi yetu, na mkazi wa Mombasa ana mfano wake mlangoni. Pale Kilindini kuna kipimo cha usawa wa bahari kilichoanza kazi mwaka 1986. Wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu ndani ya saa chache. Bahari za dunia kwa wastani zilikuwa zikipanda milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Anayesimama ufukweni siku moja hawezi kuuona upandaji huo, umefunikwa na kupwa na kujaa. Kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, ni mabadiliko yanayokwenda na kurudi. Milimita zile hazirudi. Mvua nayo ina sehemu hizo mbili, ila hakuna jedwali linalotuambia lini mvua itapwa na lini itajaa. Mvua moja kubwa au misimu mitatu mibaya haitoshi kumwambia mtu ni ipi kati ya hizo mbili anayoiona.

Mwaka 1963 Edward Lorenz alionyesha kwamba katika mfumo kama angahewa, tofauti ndogo sana mwanzoni huzaa hali tofauti kabisa baadaye. Ndiyo maana siku hizi hatuendeshi modeli mara moja. Kituo kimoja cha utafiti cha Marekani kiliendesha modeli yake mara 40, kwa gesi zilezile na kanuni zilezile, na tofauti pekee mwanzoni ilikuwa ya joto, ndogo kupita uwezo wa kipimajoto chochote. Zikatoka historia 40, na mwelekeo wa miongo mizima ukatofautiana kutoka moja hadi nyingine katika eneo lilelile. Joto la dunia lilipanda katika zote. Kwa hiyo, ukisikia kwamba masika yalipungua kwa miaka 25, jambo la kwanza la kuuliza ni kama kushuka kwa kiasi hicho kunaweza kutokea kwenye kundi la historia kama hizo bila msukumo wowote mpya. Kwa masika yetu, watafiti wengi wanaona mchango mkubwa wa Bahari ya Pasifiki, ambayo ina vipindi vyake vya miongo kadhaa. Kiasi gani ni cha Pasifiki na kiasi gani ni cha ongezeko la joto bado wanabishana.

Kwa vuli modeli zina nguvu zaidi, na sababu yake iko baharini. Kwa kawaida maji ya upande wa Indonesia huwa na joto kuliko yetu, hewa hupanda kule na kushuka huku, na hewa inayoshuka hukausha. Miaka mingine mambo hugeuka: maji ya karibu na Sumatra hupoa, ya upande wetu hupata joto, na mawingu hujazana Afrika Mashariki. Hali hii inaitwa dipoli ya Bahari ya Hindi, na ilielezwa rasmi mwaka 1999. Mwaka 1997 ilikutana na El Niño, yaani hali ya maji ya Pasifiki karibu na ikweta kupata joto kupita kawaida, na Wakenya wanaikumbuka mvua ile kwa jina la El Niño peke yake. Lakini tazama miaka mingine. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa mno, dipoli ikawa dhaifu, na mafuriko ya mfano wa 1997 hayakuja. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na hali ya kawaida, dipoli ikawa na nguvu sana, na mafuriko yakaja. Mwaka 2023 zikakutana tena, na Novemba ile pwani nzima inaijua. Modeli zinaifahamu fizikia hii. Joto la bahari likishapimwa Agosti, utabiri wa Oktoba hadi Desemba huwa na msingi imara, na ICPAC, kituo cha kanda cha utabiri wa tabianchi, pamoja na idara za hali ya hewa za ukanda huu huutoa kwa njia ya uwezekano: asilimia kadhaa kwamba mvua itazidi wastani, kadhaa kwamba itakuwa ya wastani, kadhaa kwamba itapungua. Naomba wenzangu wa vyombo vya habari wazisome asilimia zote tatu hewani, kwa sababu mkulima anayesikia moja tu amenyimwa nusu ya habari.

Masika hayana bwana mmoja kama huyo. Yanakuja wakati wa maleleji, kaskazi ikiisha na kusi haijakaza, upepo ukiwa haujaamua, na mvua hutegemea mambo mengi yanayodumu wiki chache tu: mawimbi makubwa ya mawingu yanayosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki kuizunguka dunia, au kimbunga kilichosimama upande fulani wa Madagaska. Utabiri wa msimu wa masika ni dhaifu kwa sababu hiyo.

Halafu kuna tatizo la ukubwa wa vipande. Modeli nyingi za dunia zina vipande vyenye upana wa takribani kilomita 100. Kipande kimoja kinaweza kumeza kisiwa chote cha Mombasa, mji wa Kilifi, milima ya Shimba na kipande cha bahari, kisha kikatoa namba moja ya mvua kwa vyote. Aliyewahi kutoka Kwale mjini kwenda Kinango anajua jinsi ukijani unavyoisha ghafla. Modeli haiijui safari hiyo. Kaskazini kuna upepo mkali unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, kwenye bonde la Turkana, ukibeba unyevu kutoka kwetu. Milima ikilainishwa na vipande vikubwa, upepo ule hutoka vibaya na mvua ya eneo zima hukosea. Mawingu ya radi yenyewe, yenye upana wa kilomita chache, hayaonekani kabisa, hivyo athari yake inabidi ikadiriwe kwa kanuni za pembeni.

Matokeo yake yamepimwa. Kwa jumla modeli za dunia huipa Afrika Mashariki mvua nyingi kupita kiasi wakati wa vuli na kidogo kupita kiasi wakati wa masika. Modeli inayokosea masika ya jana inapotuambia masika ya 2080 yataongezeka, nina haki ya kuinua nyusi. Sisemi imekosea. Masika ya 2018, 2020 na 2024 yalikuwa mazito sana, kinyume cha mwelekeo wa miaka iliyotangulia.

Kuna jambo jingine ambalo kitendawili cha mvua kimelificha. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo ilishindwa katika Pembe ya Afrika, Kenya mashariki ikiwemo. Kundi la World Weather Attribution, la wanasayansi wanaopima mchango wa ongezeko la joto katika majanga ya hali ya hewa, lilipolinganisha vipimo na modeli, likaona kwamba ongezeko la joto lilifanya ukame wa namna ile uwezekane angalau mara 100 zaidi, hasa kwa sababu hewa yenye joto hunyonya maji mengi zaidi kutoka kwenye udongo na mimea. Mkulima anayesema mvua haitoshi anaweza kuwa sahihi hata pale kipimo cha mvua kinapoonyesha hakuna kilichobadilika. Na modeli zinazosema mvua itaongezeka zinaweza kuwa sahihi pia, udongo ukiendelea kukauka kati ya mvua moja na nyingine.

Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza iliendesha modeli ya Afrika nzima, CP4-Afrika, kwa vipande vya kilomita 4.5, miaka kumi ya sasa na miaka kumi ya mwisho wa karne. Ni gharama kubwa: ukipunguza upana wa kipande kwa nusu, hesabu huongezeka takribani mara nane. Lakini kwa upana ule mawingu ya radi huzaliwa yenyewe ndani ya modeli, na ilionyesha mvua kali zikizidi kuliko modeli za vipande vikubwa zilivyoonyesha, pamoja na vipindi vya ukavu virefu zaidi katikati ya msimu wa mvua.

Kwa hiyo mhandisi anayechora mitaro ya Kisauni au Changamwe akiniuliza atumie nini, ninamwambia asichukue wastani wa mvua ya mwaka kutoka modeli moja. Joto na usawa wa bahari anaweza kuvichukua karibu kama vilivyo, kwa sababu modeli zote zinakwenda upande mmoja. Kwa mvua, aanze na kumbukumbu ndefu za vituo vya hapa, apime mtaro dhidi ya mvua kali ya saa moja wakati bamvua imejaa na maji hayana pa kutokea, kisha aongeze kiwango kwa kuangalia upeo mzima wa kundi la modeli, akiupa mwisho wa juu uzito zaidi.