Kufurika kwa kumbukumbu: mshale ukizunguka ukarudi sifuri

Ukiandika anwani ya tovuti ukiwa Shangani, Mtwara, simu yako haijui tovuti hiyo iko wapi. Inaiuliza seva ya majina, nayo inarudisha namba. Huduma hiyo ndiyo DNS. Seva ikiwa haina jibu huuliza seva nyingine, kisha hupokea inacholetewa. Shida yetu iko hapo kwenye kupokea.

Kufurika kwa kumbukumbu ni programu kumimina data nyingi kuliko nafasi iliyoitenga kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Zinazozidi huangukia nafasi ya jirani na kufuta kilichokuwamo.

Wengi hutoa mfano wa ndoo ya maji. Mimi haunitoshi, maana ndoo ikifurika kila mtu anaona. Chukua mizani ya mshale kwenye ghala la korosho, Tandahimba au Newala. Tuseme mwisho wake ni kilo 100, ukipita hapo mshale unaanza duru mpya. Weka korosho kilo 110: mshale unasoma 10. Karani anauamini, anatoa kifuko cha kilo 10, halafu anamiminia mzigo wote humo. Kilo 100 zinamwagikia rundo la mkulima mwingine, na zipi za nani hakuna ajuaye tena. (Ugomvi wa mizani huku kwetu hauhitaji kuelezwa.)

Ndivyo ilivyokuwa kwa programu ya DNS ya Windows Server, mfumo wa Microsoft wa kuendeshea seva, katika kosa lililopewa jina SIGRed, namba CVE-2020-1350 kwenye orodha ya makosa ya usalama yanayojulikana. Ukubwa wa rekodi ya SIG (jibu la DNS linalobeba sahihi ya kidijitali) ulijumlishwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 na 1, ambazo mwisho wake ni 65,535. Jumla ikizidi, hesabu inaanza upya: inatengwa nafasi ndogo, inanakiliwa rekodi nzima. Na mshambuliaji hakuhitaji kutuma ujumbe unaozidi kikomo hicho, kwani majina ndani ya ujumbe wa DNS husafiri yamefupishwa, yakifunuliwa hutanuka. Data inayomwagika ikipangwa kwa ustadi, seva huitii kama amri.

Kosa lilikaa miaka 17 hadi watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa mtandao, walipoligundua. Microsoft ilitoa marekebisho tarehe 14 Julai 2020, hatari yake ikapewa alama 10 kati ya 10. Asiyeweza kusasisha siku ile aliambiwa aweke kikomo cha baiti 65,280 kwa ujumbe unaoingia kwa TCP (njia mojawapo ya kusafirisha data mtandaoni), kisha aiwashe upya huduma ya DNS. Yaani mizani mbovu ni ile ile, ila mlangoni amewekwa mtu wa kurudisha mizigo mikubwa.