GCC na Clang: tunayoyasikia na yanayofanyika kweli

Muulize mwanafunzi wa programu aanze na GCC au Clang, kisha usubiri wenzake wasikie. Dakika mbili tu, umeshapata ubishi wa Simba na Yanga. Mimi nimefanya kazi na kompaila zote mbili kwa miaka, na ubishi huo unaniuma kwa sababu unafunika kazi kubwa ambayo timu hizi mbili zinafanya pamoja, nyingine hata kwa kutumia msimbo mmoja.

Kwa asiyezijua: kompaila hugeuza msimbo ulioandikwa na mtu, tuseme wa C au C++, uwe maagizo ya mashine. GCC ilitolewa na Richard Stallman mwaka 1987 chini ya GNU, mradi wake wa programu huria. LLVM, mkusanyiko wa vipande vya kujengea kompaila, ilianza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, na Clang, sehemu yake inayosoma C na C++, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2007. Zote ni programu huria.

Dhana: ukichagua moja, umeipa nyingine kisogo.

Andika fanksheni ya C++ iitwayo `jumlisha`, inayopokea namba mbili za aina ya `int`. Ijenge kwa GCC kwenye Linux, kisha ulitazame faili lililotoka kwa amri ya `nm`, inayoorodhesha majina yaliyomo ndani yake. Jina utakaloliona ni `_Z8jumlishaii`. Ile 8 ni idadi ya herufi za jina, na `ii` ni zile `int` mbili. Sasa rudia kwa Clang. Utaona jina lilelile, herufi kwa herufi.

Hilo halikutokea kwa bahati. Zote mbili zinafuata makubaliano ya jinsi vipande vya C++ vilivyokwisha kujengwa vinavyopewa majina na kuunganishwa, yaitwayo Itanium C++ ABI, yaliyoandikwa kwa ajili ya prosesa za Itanium za Intel. Prosesa zenyewe zimeshaondoka sokoni, makubaliano yamebaki. Ndiyo maana kipande kilichojengwa kwa GCC na kingine kilichojengwa kwa Clang vinaweza kuunganishwa vikawa programu moja. Tena kwenye Linux Clang kwa kawaida hutumia libstdc++, maktaba ya C++ inayotunzwa na watu wa GCC. Na ukiiuliza Clang thamani ya `__GNUC__`, namba ya toleo la GCC, itakujibu 4, yaani inajitambulisha kama GCC ya zamani, ili msimbo ulioandikwa kwa ajili ya GCC usiikatae.

Dhana: leseni zao haziwaruhusu kushirikiana.

Hapa pana ukweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo watu wengi hawaijui. GCC iko chini ya GPL toleo la 3, leseni inayodai kwamba atakayeusambaza msimbo huo, hata akiuboresha, autoe kwa leseni hiyohiyo. LLVM ilihamia Apache 2.0 yenye kifungu cha nyongeza mwaka 2019, leseni isiyo na sharti hilo. Msimbo kwa hiyo hufuata mkondo mmoja kama maji: wa LLVM unaweza kuingia GCC, lakini wa GCC hauwezi kuingia LLVM bila wenye hakimiliki kukubali kuutoa upya kwa leseni nyingine.

Mkondo huo umeleta mengi. Chukua AddressSanitizer, chombo kinachokamata makosa ya kumbukumbu: umetenga nafasi ya vitu 10, msimbo wako unasoma cha 11, nacho kinaisimamisha programu palepale na kukuonyesha mstari wenye kosa. Kiliingia LLVM mwaka 2012, kikaingia GCC 4.8 mwaka 2013. Kila kompaila iliandika yenyewe sehemu ya kupachika ukaguzi ndani ya programu, lakini maktaba inayofanya ukaguzi wakati programu inaendeshwa ni moja. Ndani ya msimbo wa GCC kuna folda ya `libsanitizer` ambayo chimbuko lake ni LLVM, na kanuni ni kwamba marekebisho yake yapelekwe kwanza LLVM, halafu yarudi. Mtu wa GCC akiziba tundu pale, mtumiaji wa Clang naye amepona.

Mawazo nayo hayana leseni. Mwaka 2010 GCC 4.5 ilileta `asm goto`, njia ya kuruka kutoka kwenye maagizo ya mashine hadi mahali pengine ndani ya msimbo wa C. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ikaipenda mno, hadi mwaka 2018 ikawa ni lazima kwenye prosesa za x86, zile za aina ya Intel na AMD. Clang haikuwa nayo, kwa hiyo ikashindwa kuijenga kerneli hiyo mpaka ilipoipata katika toleo la 9, mwaka 2019. Kisha mwaka 2020 Clang 11 ikaongeza kitu ambacho GCC haikuwa nacho, `asm goto` inayoweza kurudisha matokeo. Mwaka 2021 GCC 11 ikafuata. Kila mmoja alimfundisha mwenzake, bila mstari hata mmoja wa msimbo kuvuka mpaka.

Dhana: Stallman aliikataa LLVM ilipoletwa kwake.

Mwaka 2005 Chris Lattner, mwanzilishi wa LLVM, aliwaandikia watengenezaji wa GCC akijitolea kuikabidhi hakimiliki ya LLVM kwa Free Software Foundation, shirika la Stallman linaloisimamia GNU. Stallman hakuuona ujumbe ule. Aliujua mwaka 2015, akasema anatamani ungekubaliwa. Ni kweli anapinga leseni ya LLVM, na amelisema waziwazi, lakini kupinga leseni ni jambo moja na kumfungia mtu mlango ni jambo jingine. Kila nikikumbuka kisa hiki nasikitika: ujumbe mmoja ulipotea kati ya mamia, na historia ya kompaila huria ikashika njia nyingine.

Dhana: kompaila mbili ni nguvu zinazopotea bure.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitengeneza Csmith, chombo kinachobuni programu za C kwa kubahatisha. Programu moja inajengwa kwa kompaila kadhaa, kisha majibu yanalinganishwa. Yakitofautiana, angalau kompaila moja imekosea. Katika taarifa yao ya mwaka 2011 walikuwa wamesharipoti hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikuwa zikijulikana, zikiwemo za GCC na za LLVM. Ukiwa na kompaila moja tu, utalinganisha na nini?

Huhitaji kuwa mtafiti kuitumia mbinu hiyo. Mimi kila mradi naujenga kwa zote mbili kwa `-Wall -Wextra`, yaani nikiomba maonyo zaidi, kabla ya kuutoa, kwa sababu maonyo yao hayafanani. Na zikitoa majibu tofauti, mara nyingi kosa ni langu: kuna mahali nimeandika kitu ambacho lugha ya C haijatoa ahadi yoyote juu yake, na kila kompaila imekifasiri kivyake.